Mguu Uliouachia Mkono Kitambaa

Mwaka 1989, katika mji wa Paducah, jimbo la Kentucky, pale mto Tennessee unapomwaga maji yake katika mto Ohio, majaji wa maonyesho ya American Quilter's Society walitoa tuzo ya juu kabisa kwa mfarishi ulioshonwa kwa cherehani. Jambo hilo halikuwahi kutokea tangu maonyesho hayo yaanze mwaka 1985. Mfarishi wenyewe uliitwa Corona II: Solar Eclipse, na mwenye kazi alikuwa Caryl Bryer Fallert. Ni duara la giza la jua lililopatwa, limezungukwa na ndimi za rangi zinazojipinda, na juu ya rangi hizo mishono inapita kwa mawimbi isiyofuata rula yoyote. Wengi walishangilia. Wengine walilalamika kwamba kazi ya mashine haikustahili hata kushindanishwa na kazi ya mkono, sembuse kuishinda.

Asiyeujua mfarishi wa Kimarekani anaweza kujiuliza ugomvi ulitoka wapi. Mfarishi ni tandiko la tabaka tatu: juu kitambaa, mara nyingi cha vipande vilivyokatwa na kuungwa kwa mpango; katikati pamba; chini kitambaa cha kufunikia. Tabaka hizo hushikizwa kwa mishono inayopenya zote tatu, na mishono hiyo ndiyo inayoupa mfarishi mabonde na vilima vyake. Kwa vizazi vingi kazi hiyo ilifanywa kwa sindano ya mkono, kitambaa kikiwa kimewambwa kwenye fremu na wanawake wakikaa kuizunguka. Ubora wa mshonaji ulipimwa kwa udogo wa mishono na kulingana kwake. Basi mtu aliyeketi peke yake mbele ya injini ya umeme na kumaliza kwa siku chache kazi ya miezi alionekana kama amepita njia ya mkato.

Hakuwa amepita njia ya mkato. Alichokifanya ni kigumu, na kiliwezekana kwa sababu ya kipande kidogo cha chuma na plastiki kinachofungwa kando ya sindano: mguu wa cherehani. Jambo la ajabu katika historia hii ni kwamba mguu huo hapo mwanzo ulibuniwa kwa kusudi lililo kinyume kabisa. Ulikuja kuunyang'anya mkono kazi ya kuongoza kitambaa, na ilipita zaidi ya karne moja kabla washona mifarishi hawajautumia kuurudishia mkono kazi hiyo.

Kabla ya mguu, kitambaa kilitundikwa. Cherehani cha Elias Howe, kilichopewa hataza nchini Marekani tarehe 10 Septemba 1846, kilikuwa na sindano iliyopinda, iliyokwenda upande kwa upande, na nguo ilining'inia wima kwenye vipini vya kipande cha bati. Bati lilisogea pamoja na nguo mpaka likafika mwisho wake. Hapo mshonaji alisimama, akaivua nguo, akaitundika upya, akaanza tena. Mashine ilishona mstari mnyoofu tu, na kwa urefu wa bati tu. Kuzungusha kwapa la shati halikuwa jambo la kufikiria.

Mwaka 1850 huko Boston, Isaac Singer, mwigizaji wa jukwaani aliyekuwa pia na akili ya ufundi wa mitambo, alikitazama cherehani kilicholetwa kutengenezwa katika karakana ya Orson Phelps na akaona namna ya kukigeuza. Sindano iwe nyoofu, ipande na kushuka. Nguo ilale juu ya meza. Na kando ya sindano pawe na mguu wenye springi, unaoikandamiza nguo wakati sindano inapochomoka, lakini unaojiinua wenyewe pale nguo inapokuwa nene. Alipata hataza yake tarehe 12 Agosti 1851. Kwa springi ile cherehani kiliweza kupita juu ya mshono uliotangulia, kikapanda kutoka tabaka mbili hadi nne na kushuka tena bila kukwama.

Bado palihitajika kitu cha kuisukuma nguo. Allen Wilson, aliyekuwa fundi seremala wa makabati, alipata mwaka 1854 hataza ya meno yanayofanya miondoko minne: yanapanda, yanasogeza nguo mbele, yanazama, yanarudi nyuma. Karibu kila cherehani cha nyumbani kinachouzwa leo kingali na meno ya Wilson chini na mguu wa springi juu. Viwili hivi ni mume na mke. Meno bila mguu hayashiki kitu, yanakwaruza tu. Mguu bila meno unaibana nguo palepale ilipo.

Faida ilikuwa kubwa, na anayeandika habari za kazi ya mkono hapaswi kuipuuza. Kampuni ya Wheeler & Wilson, aliyoianzisha Wilson na mwenzake, ilitangaza kwamba shati la kiume lililochukua saa 14 na dakika 26 kwa mkono lilishonwa na mashine yao kwa saa 1 na dakika 16. Hata likipunguzwa tangazo la mfanyabiashara anayesifia mali yake, kilichobaki ni maelfu ya jioni ambazo wanawake hawakulazimika tena kuzimalizia kwenye mwanga wa mshumaa. Tangu mwaka 1856 kampuni ya Singer ilikubali malipo ya kidogokidogo, na cherehani kikaingia katika nyumba ambazo zisingeweza kukilipia kwa mkupuo.

Wenye vyerehani hivyo walijaribu kushonea mifarishi mapema. Baadhi ya mifarishi ya Marekani ya nusu ya pili ya karne ya 19 ina mishono ya mashine iliyowekwa juu kabisa, mahali pa kuonekana na kila mgeni, maana cherehani kilikuwa mali ya kujivunia. Kwenye visanduku vya vifaa vilivyouzwa pamoja na cherehani mlikuwa na mguu maalumu wa kazi hiyo, wenye fito ya pembeni iliyokwenda sambamba na mstari uliotangulia ili ule unaofuata uwe na nafasi sawa. Matokeo yakawa miraba na mistari ya mshazari. Maua, manyoya na mizabibu iliyojikunja, ambayo sindano ya mkono iliyachora bila shida, yalibaki kwa sindano ya mkono.

Sababu ilikuwa ile ndoa ya mguu na meno. Meno huvuta tabaka ya chini. Mguu huizuia ya juu. Kwenye kitambaa kimoja tofauti hiyo haionekani, lakini kwenye tabaka tatu zenye pamba katikati, ya juu hubaki nyuma na kukusanya makunyanzi. Na kwa kuwa meno yanajua njia moja tu, ya mbele, kila kona ilimlazimu mshonaji auzungushe mfarishi mzima, pamba na vyote, ndani ya nafasi finyu iliyo chini ya mkono wa cherehani. Ua moja lenye petali nane lingemchosha mtu mwenye nguvu zake. Baadaye ulikuja mguu unaotembea, wenye meno yake wenyewe yanayovuta tabaka ya juu sawa na ya chini, nao uliponya makunyanzi vizuri sana. Lakini nao unakwenda mbele tu.

Waliokata fundo hilo walikuwa wadarizi. Kuelekea mwisho wa karne ya 19 kampuni ya Singer, ikitaka kuonyesha uwezo wa mashine yake, iliajiri wadarizi waliotengeneza picha nzima kwa uzi, za ndege, mandhari na nyuso za watu, kwa cherehani kilekile cha kawaida. Vitabu vya mafunzo vya kampuni hiyo vya mwanzoni mwa karne ya 20 vinaeleza njia: toa mguu, yazime meno au yafunike kwa kibati, wamba kitambaa kwenye fremu ya mviringo, kisha kisogeze kwa mikono miwili upande wowote unaoutaka. Meno yakishazimwa, urefu wa kila mshono unaamuliwa na mwendo wa mikono dhidi ya mwendo wa sindano. Mkono ukikimbia, mishono inarefuka. Mkono ukisita, mishono inarundikana mahali pamoja na uzi unafanya kifundo.

Fremu ile ilikuwa na kazi ambayo mtazamaji hawezi kuiona. Sindano ikifika chini kabisa na kuanza kupanda, uzi hulegea kidogo nyuma ya tundu lake na kufanya kitanzi, na ncha ya kulabu iliyo chini hupita ndani ya kitanzi hicho na kukizungusha kwenye uzi wa bobini. Hiyo ndiyo siri yote ya mshono wa cherehani. Kitambaa kikiinuka pamoja na sindano, kitanzi hakifanyiki, kulabu inapita patupu, mshono unarukwa. Pengine sindano inapinda na kuvunjika. Kitambaa kilichowambwa kama ngozi ya ngoma hakiinuki, na ndiyo maana mdarizi aliweza kuutupa mguu mezani na kushona bila huo.

Mfarishi wa kitanda kizima hauwambiki kwenye fremu ndogo ya mdarizi bila taabu. Ulihitaji mguu wa namna nyingine: ushuke na kubana wakati sindano imo ndani ya kitambaa, uinuke na kuachia mara sindano inapochomoka. Mguu wa hivyo ulikuwapo tayari, umelala kwenye droo za vyerehani, na kazi yake ilikuwa kutililia soksi.

Historia ya mguu huo ni ya watu wasiokuwa na ziada. Soksi iliyotoboka kisigino au shuka lililochakaa katikati liliwekwa chini ya sindano, na mshonaji akalisogeza mbele na nyuma, kisha upande kwa upande, mpaka nyuzi zilizopishana zikaziba tundu. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, nguo zikiwa kwa mgao, serikali ya Uingereza ilitoa mwaka 1943 kijitabu Make Do and Mend kuwafundisha raia namna ya kuzidumisha nguo walizonazo, na ufundi wa kutililia ukawa sehemu ya maisha ya kila siku. Mguu wenyewe ni rahisi sana: pete ndogo inayoizunguka sindano, springi, na mkono mwembamba unaokaa juu ya skrubu inayobana sindano. Sindano ikipanda, skrubu inausukuma mkono juu na pete inaachia nguo. Sindano ikishuka, springi inairudisha pete chini. Unaruka mara moja kwa kila mshono.

Baada ya vita soksi zikawa rahisi kununua, nguo za nailoni zikaenea, na mguu wa kutililia ukaanza kusahaulika. Mifarishi nayo ilikuwa imebaki kwa wazee. Ilirudi kwa kishindo miaka ya 1970. Mwaka 1971 jumba la sanaa la Whitney, New York, lilitundika mifarishi ukutani kama picha za wachoraji, katika maonyesho yaliyoandaliwa na Jonathan Holstein na Gail van der Hoof. Na mwaka 1976, Marekani ilipotimiza miaka 200, kila mji ulitaka mfarishi wake wa kumbukumbu. Kizazi kipya kikajifunza kushona. Lakini kilijifunza kwa mkono, maana kilichotafutwa kilikuwa ni cha kale.

Harriet Hargrave, mwalimu na mwenye duka la vitambaa huko Colorado, alikuwa miongoni mwa watu waliouchukua mguu wa kutililia na kuupeleka kwenye mfarishi kwa nidhamu ya kweli. Alitumia uzi wa nailoni usioonekana ili mishono ya mashine ikae karibu na ile ya mkono, akasisitiza pamba halisi katikati, na akafundisha manyoya na mashada yaleyale ya zamani. Kitabu chake, Heirloom Machine Quilting, kikawa mwalimu wa maelfu ya watu ambao hawakuwahi kukaa darasani kwake. Hargrave alitaka kuthibitisha kwamba cherehani kinaweza kuheshimu urithi. Fallert, kule Paducah, alithibitisha kwamba kinaweza kusema jambo ambalo urithi haukulisema. Mawazo hayo mawili ni tofauti, na uwanja wa mifarishi ulihitaji yote mawili. Leo Corona II iko katika jumba la makumbusho ya mifarishi lililofunguliwa Paducah mwaka 1991.

Mlango ulipofunguka, miguu ikaanza kuzaana, na kila mguu mpya una malalamiko ya mshonaji nyuma yake. Pete ya mguu wa zamani ilikuwa ya chuma na ilificha mahali sindano inapoingia. Anayefuata mchoro wa kalamu hakuona alikotoka wala anakokwenda. Ikaja pete ya plastiki angavu. Wengine hawakungoja viwanda: walichukua koleo, wakakata sehemu ya mbele ya pete, wakapata mguu ulio wazi kama kiatu cha farasi, nao viwanda vikauiga. Mguu wazi unaonyesha kila kitu, lakini kwenye kitambaa chenye vipande vingi vilivyobandikwa, ncha zake mbili zinaweza kuchomekea chini ya ukingo wa kipande na kukinasa. Hapo pete iliyofungwa, ingawa inaficha kidogo, ni salama zaidi. Kwa pamba nene inayovimba, pete pana inalalisha eneo kubwa kuzunguka sindano na kuokoa mishono ambayo ingerukwa.

Mageuzi mengine yalianzia nje ya nyumba. Miaka ya 1980, huko West Plains, jimbo la Missouri, Ken Gammill alianza kuunda mashine za mkono mrefu ambazo mfarishi umetulia kwenye fremu na mashine ndiyo inayotembea juu yake, mshonaji ameshika vipini kama vya baiskeli. Wenye mashine hizo walizoea kuegemeza mguu kwenye rula nene za plastiki ngumu ili kupata mistari na tao zisizoyumba. Wenye vyerehani vya nyumbani wakatamani hilo, na ukaja mguu wa rula: pete yake ina ukuta mrefu unaoparaza ukingo wa rula bila kupanda juu yake, na sindano iko katikati, robo ya inchi kutoka ukuta. Hapa uchaguzi ni wa usalama. Rula nyembamba iliyo chini ya mguu wa kawaida wenye ukingo mfupi inaweza kuteleza ikaingia njia ya sindano, na sindano inayopiga plastiki kwa kasi hupasuka vipande karibu na macho ya mtu.

Mwaka 2004 kampuni ya Bernina ya Uswisi ilitoa mguu wenye jicho. Kitambuzi kilichofungwa kwenye mguu kinasoma kasi ya kitambaa kinachopita chini yake, na injini inaongeza au kupunguza mwendo ili mishono ilingane. Lile pambano la mkono na sindano, ambalo wadarizi wa Singer walilishinda kwa mazoezi ya miaka, mguu ukabeba sehemu yake. Wapo wanaoona kwamba hapo mashine imerudi kuunyang'anya mkono. Hoja hiyo haina nguvu: njia ya mstari bado inaamuliwa na mshonaji, na njia ndiyo mchoro. Hata hivyo aliyejifunza bila kitambuzi anaijua sauti ya cherehani chake, na sauti hiyo humwambia mapema kwamba mkono umeanza kukimbia.

Kwenye mwambao na miji ya Afrika Mashariki, nusu ya historia hii inaendelea kila siku bila kuitwa jina. Mafundi wanaodarizi mashuka na foronya kwa cherehani cha kawaida hutoa mguu, huwamba kitambaa kwenye fremu ya mviringo na kukizungusha kwa viganja, namna ileile iliyoelezwa katika vitabu vya Singer. Mikono yao tayari inajua sehemu ngumu ya kazi. Wakitaka kushona tabaka tatu bila fremu, wanachokikosa ni mguu unaoruka, na vyerehani vyao vinaukubali.

Cherehani cheusi cha Butterfly, kutoka kiwanda cha Shanghai ambacho historia yake inaanza mwaka 1919, kinafuata umbo la Singer la daraja la 15, lililoigwa na Wajapani na Wachina kwa miongo mingi. Kina shina fupi: kutoka skrubu ya mguu hadi kwenye sahani ya chini ni kama milimita 13, mguu ukiwa umeshushwa. Vyerehani vya shina refu vina takriban milimita 25, na mguu wa kundi moja haufai kwenye kundi jingine hata tundu la skrubu likilingana. Kwa shina fupi, mguu wa kutililia wa kawaida unatosha. Mkono wake lazima ukae juu ya skrubu ya sindano. Ukikaa chini yake, mguu hautainuka na kitambaa kitakwama. Kama cherehani hakina kitufe cha kushusha meno, kibati cha kuyafunika kitafaa, au urefu wa mshono uwekwe sifuri ili meno yapande na kushuka bila kusukuma.

Na cherehani kisicho na kitambuzi wala umeme kina sifa moja inayofaa kazi hii. Gurudumu zito la cherehani cha kukanyaga huhifadhi mwendo, hivyo sindano inakwenda kwa kasi isiyoshtuka hata mguu wa mshonaji unapositasita kwenye pedali, na mikono inapata mdundo wa kuufuata. Marekani kwenyewe kuna washona mifarishi wanaonunua vyerehani vya kukanyaga vilivyotupwa, wakavisafisha, wakavifunga mguu wa kutililia na kuvirudisha kazini kwa sababu hiyohiyo.